Kutolewa ICU Si Kupona, Wala Si Kutupwa



Mtu wa kijijini kwetu akilazwa hospitali kubwa ya mkoa au ya rufaa, sisi tunaobaki nyumbani hungoja habari. Siku moja simu inalia: "Mgonjwa wetu ametolewa ICU. Sasa yuko wodini." Hapo hapo tunagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linapiga vigelegele: "Amepona! Tafuteni nauli aletwe nyumbani." Kundi la pili linashika tama: "Ndiyo basi tena. Wamemshindwa, wamemtoa akafie wodini."

Makundi yote mawili yamekosea, na makosa yenyewe ni ya hatari. Anayedhani mgonjwa amepona humwacha peke yake, au humpelekea ugali na nyama siku ile ile, kumbe mgonjwa bado hawezi kumeza sawasawa. Anayedhani mgonjwa ametupwa hukata tamaa, na pengine humtorosha hospitalini. Kwa njia zote mbili twaweza kumpoteza mtu aliyekwisha kuokolewa.

Leo basi tueleze safari hii ya kutoka chumba cha wagonjwa mahututi hadi wodi ya kawaida. Kwa kitanda cha magurudumu ni mwendo wa dakika chache tu. Lakini wagonjwa wengi waliopita njia hiyo husema ilikuwa nzito kuliko walivyotazamia.

CHUMBA HIKI KILIANZAJE?

ICU ni chumba cha wagonjwa mahututi. Humo hulazwa watu ambao pumzi, moyo au ubongo wao umelegea kiasi kwamba wasiposhikiliwa kila dakika watakufa.

Zamani chumba cha namna hii hakikuwapo. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, huko Denmark, ulivamiwa na polio, ugonjwa wa kupooza. Wagonjwa wengi walipooza hata misuli ya kuvuta pumzi na kumeza. Katika wiki za mwanzo, wagonjwa 31 wa namna hiyo walitibiwa kwa mashine zilizokuwapo. Kati yao 27 walikufa.

Ndipo daktari mmoja wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliposhauri wagonjwa watobolewe tundu kooni, waingizwe mpira, na wasukumiwe hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walifanya kazi hiyo kwa zamu. Walikaa kando ya vitanda, mchana na usiku, wakiminya mifuko. Vifo vikapungua sana. Mwaka 1953 Ibsen alifungua katika mji huo huo chumba maalumu cha wagonjwa mahututi.

Leo mashine ndiyo inayosukuma hewa. Lakini tangu mwanzo nguvu ya chumba hiki imetokana na mtu anayekaa karibu na mgonjwa bila kuondoka. Tulikumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo linalobadilika mgonjwa anapohamishwa.

KWA NINI MGONJWA ANAHAMISHWA?

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kuna mama mmoja mkulima aliyepata kifafa cha mimba. Amefikishwa hospitali hajitambui. Amefanyiwa upasuaji, mtoto ametolewa, na mama ameingizwa ICU. Amewekwa mpira wa kupumulia mdomoni, mpira wa kulishia puani, mpira wa mkojo na dripu. Kando yake kuna mashine inayoonyesha mapigo ya moyo na kulia kila likitokea jambo. Muuguzi wake anaangalia mgonjwa mmoja au wawili tu.

Siku ya sita madaktari wanaona mambo manne. Mama anapumua mwenyewe. Shinikizo la damu limetulia bila dawa kali za kupitishwa kwenye mshipa. Degedege limekoma. Akiitwa jina anafumbua macho na kuitika. Wanasema: "Huyu sasa aende wodini."

Maana yake ni kwamba hatari ya kufa saa yoyote imepungua. Haina maana kwamba ugonjwa umekwisha. Mama huyu bado ana kidonda cha upasuaji, bado anatumia dawa, bado ni dhaifu sana.

Tena tuseme kweli: vitanda vya ICU ni vichache. Mara nyingine mgonjwa anayeanza kupata nafuu hutoka mapema kidogo, maana mlangoni amefika mwingine mwenye hali mbaya zaidi. Daktari hapendi, lakini hana budi kuchagua. Baadhi ya hospitali zina chumba cha katikati, chenye uangalizi mkubwa kuliko wodi ila mdogo kuliko ICU. Chumba hicho husaidia sana mgonjwa asishuke ngazi mbili kwa mara moja.

Saa ya kuhamishwa nayo ni muhimu. Huko Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka 2007 na taasisi ya taifa inayoshauri juu ya matibabu ulisema kuhamisha mgonjwa kutoka ICU kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi kuepukwe kila inapowezekana. Sababu yake inaeleweka. Usiku wodini watumishi ni wachache, taa zimezimwa, na mgonjwa mgeni akibadilika si rahisi kuonekana.

MGONJWA MWENYEWE ANAONA NINI?

Watafiti wa nchi mbalimbali wamewahoji wagonjwa waliopita safari hii. Majibu yao yanafanana.

Kwanza kuna furaha. Mipira imepungua. Mgonjwa anaweza kusema, anaona dirisha, anaona wagonjwa wenzake wanaoongea. Ndugu wanaruhusiwa kukaa naye zaidi. Wengi huona kwamba wamerudi duniani.

Lakini hofu nayo iko hapo hapo. Kule ndani mashine zililia usiku kucha, na mgonjwa aliona udhia. Wodini hazipo, na sasa ule ukimya ndio unaomtisha. Anajiuliza, "Nikikata pumzi nani atajua?" Kule muuguzi alikuwa hatua mbili kutoka kitandani. Hapa muuguzi mmoja, hasa zamu ya usiku, huweza kuwa na wagonjwa 20 au zaidi. Mgonjwa anaita, anangoja. Si kwamba muuguzi hajali. Mikono yake ni miwili tu. Lakini mgonjwa asiyeelezwa hilo huona amesahauliwa.

Jambo la tatu ni udhaifu. Mtu aliyelala mahututi misuli yake huyeyuka upesi. Utafiti mmoja uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2013 ulipima msuli wa paja wa wagonjwa wa ICU. Katika siku 10 tu msuli ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18, yaani karibu sehemu moja kati ya sita. Basi tusishangae mkulima aliyezoea kulima tangu alfajiri anaposhindwa kushika kikombe. Huyo hadeki. Ile nyama ya kushikia haipo, na itachukua wiki au miezi kurudi.

Jambo la nne ni koo. Mpira uliokaa kooni huacha sauti ikiwa imekauka na kumeza kukiwa kwa shida. Wengine hawaonji ladha ya chakula. Kila kitu ni kama majani makavu.

Jambo la tano ndilo linalotusumbua zaidi vijijini: kuchanganyikiwa.

"AMEINGIWA NA SHETANI?"

Turudi kwa mama yetu. Usiku wa kwanza wodini anaanza kusema maneno ya ajabu. Anasema ukutani kuna wadudu. Anasema wauguzi walimfunga kamba wakataka kumwua. Anavuta dripu. Asubuhi yuko sawa kabisa, jioni anaanza tena. Dada yake anapiga simu kijijini: "Jamani, huyu amerogwa." Watu wanaanza kuchanga fedha za mganga wa kienyeji.

Hapana. Wagonjwa wengi sana wa ICU hupatwa na hali hii. Ubongo umetikiswa na homa, na upungufu wa hewa, na dawa za usingizi, na siku nyingi za kulala vipande vipande katika taa isiyozimwa. Mtu hujenga ndoto kutokana na yale aliyoyahisi nusunusu. Mpira mkononi unageuka kamba. Muuguzi aliyekuwa akimnyonya makohozi kooni anageuka adui aliyemkaba. Kwa mgonjwa, mambo hayo ni ya kweli kama unavyoliona gazeti hili.

Kwa kawaida hali hii hupungua kwa siku chache. Lakini kama mgonjwa alikuwa sawa kisha akachanganyikiwa ghafla, yapasa muuguzi aelezwe upesi, maana pengine kuna maambukizo mapya, au hewa au sukari imepungua mwilini. Fedha za mganga ziacheni kwanza. Mwambieni muuguzi.

Nanyi ndugu, msimcheke wala msibishane naye. Mwambieni kwa upole: "Dada, uko hospitali. Leo ni Jumanne. Mimi ni mdogo wako, niko hapa." Rudieni maneno hayo hata mara kumi. Mchana fungueni pazia, usiku punguzeni kelele. Kama alikuwa akivaa miwani, mleteeni miwani yake.

Basi mama yetu ametulia. Anatazama tumbo lake, anatazama huku na huku, anauliza: "Mtoto wangu yuko wapi?" Yeye hakumbuki kujifungua. Siku sita za maisha yake hazimo kichwani. Swali hili lisipotezewe. Kama mtoto yuko chumba cha watoto wachanga, aambiwe, na muuguzi aulizwe ni lini mama atampeleka macho. Kama mtoto alifariki, ndugu wazungumze na muuguzi au daktari wapange nani atamwambia, na wakae naye akiambiwa. Kumdanganya leo ni kumwumiza mara mbili kesho.

WODINI NAKO KUNA MATIBABU

Tusidharau wodi. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa walichunguzwa. Mmoja katika kila 8 alikuwa mahututi. Na katika mahututi hao, karibu 7 kati ya 10 hawakuwa ICU kabisa. Walikuwa katika wodi za kawaida.

Utafiti huo unatufundisha mambo mawili. La kwanza, wodi zetu tayari zinabeba mzigo mkubwa, na wengi huokolewa humo humo. La pili, huduma zinazookoa mara nyingi ni zile za msingi: oksijeni, maji ya dripu, kusafisha njia ya hewa, kumlaza mgonjwa vizuri. Watafiti waliona kwamba wengi waliohitaji huduma hizo hawakuwa wakizipata. Kwa hiyo ni lazima mgonjwa aonekane mapema anapobadilika. Hapo ndipo ndugu anayekaa kando ya kitanda anapokuwa na kazi kubwa.

KAZI YETU SISI NDUGU

Kabla mgonjwa hajahamishwa, ndugu mmoja amwulize muuguzi wa ICU kwa heshima: "Sista, samahani. Kwa nini anahamishwa leo? Akifika kule anaendelea na dawa gani? Anaruhusiwa kula na kunywa? Tuangalie dalili gani?" Maswali haya si ukorofi. Ni haki ya mgonjwa. Majibu yaandikeni.

Akifika wodini, jitambulisheni kwa muuguzi wa zamu. Mwambieni: "Mgonjwa wetu ametoka ICU leo." Wodi ina wagonjwa wengi, na maneno hayo machache humfanya muuguzi apitishe jicho mara kwa mara.

Kisha tuangalie dalili hizi za hatari:

1. Pumzi. Mgonjwa akiwa ametulia, tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika moja nzima, ukihesabu kwa saa. Mtu mzima kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Zikifika 25 au zaidi, au zikiwa 8 au pungufu, mwite muuguzi mara moja.

2. Akili. Amekuwa mzito kuamka, au amechanganyikiwa ghafla.

3. Rangi na ngozi. Midomo au ulimi umekuwa wa kijivu au wa samawati, mikono ni ya baridi na ina jasho.

4. Mkojo. Umepungua sana, au umekuwa mweusi kama chai ya rangi.

5. Homa, kutetemeka, degedege, damu au usaha kwenye kidonda.

Ukiona moja ya hayo, usingoje raundi ya madaktari ya asubuhi. Nenda kwa muuguzi, sema kwa sauti ya utulivu lakini isiyo na wasiwasi wa kusema: "Sista, jioni mgonjwa alikuwa akipumua mara 18. Sasa nimehesabu 30. Tafadhali njoo umwone." Tazama nguvu ya maneno hayo. Ukisema "Hali ni mbaya" muuguzi anasikia kilio cha kila ndugu. Ukimtajia hesabu, anajua pa kuanzia.

Kuna kazi nyingine pia. Usimlishe mpaka muuguzi aruhusu. Ukiruhusiwa, mketishe, mpe kidogo kidogo, na akianza kukohoa acha upesi, kwa maana chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia. Msaidie kugeuka kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Daktari au muuguzi akisema aanze kukaa na kusimama, msaidie, hata kama analalamika kuchoka. Misuli hurudi kwa kutumiwa. Oksijeni na dripu usiziguse. Osha mikono kabla ya kumshika na baada ya kumshika.

Na tusijazane kitandani. Ndugu kumi wakileta habari za shamba, madeni na kesi ya mpaka, mgonjwa hapati usingizi. Wawili wanatosha, tena kwa zamu.

DAFTARI LA MGONJWA

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, kama Denmark, Sweden na Norway, wauguzi walianza zamani kuandika daftari kwa ajili ya mgonjwa wa ICU. Kila siku wao na ndugu waliandika maneno machache ya kawaida. Mgonjwa akipata nafuu hupewa daftari ajue siku zake zilizopotea zilikwendaje.

Utafiti uliofanywa katika nchi 6 za Ulaya na kutangazwa mwaka 2010 ulichunguza wagonjwa 352. Waliopewa daftari mapema walipatwa na maradhi ya kurudiwa na vitisho kwa asilimia 5, na wale wengine kwa asilimia 13. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2019 haukuona tofauti kama hiyo. Kwa hiyo tusiseme daftari ni dawa. Ni kumbukumbu, na wagonjwa wengi huithamini.

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani tunaweza kazi hii. Halihitaji Kiswahili cha vitabuni. Katika mfano wetu, dada angeandika hivi: "Jumatano. Umefumbua macho. Umenishika mkono. Mtoto wako ni wa kike, ana kilo mbili, anakunywa maziwa. Bibi amekuja na nguo." Siku mama atakapouliza, maneno haya yatamsaidia kutenganisha yaliyotokea na yale aliyoyaota. Andika pia tarehe, majina ya dawa, na mashauri ya daktari. Daftari hilo litafaa hata zahanati ya kijijini mgonjwa akirudi.

AKIRUDI NYUMBANI

Safari haiishii wodini. Kwa miezi kadhaa mgonjwa anaweza kuchoka upesi, kusahau, kukosa usingizi, kuota ndoto za kutisha, au kukasirika bila sababu. Nywele nazo huweza kukatika. Asiambiwe, "Mbona wewe umepona, amka ukalime." Aanze na kazi ndogo za kuketi, kisha kutembea hadi kwa jirani, kisha palizi kidogo. Tarehe ya kurudi kliniki isipuuzwe. Huzuni ikizidi, au akisema afadhali angekufa, msimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Basi, ndugu msomaji, siku simu ikilia tena kwamba mtu wetu ametolewa ICU, tushukuru, kisha tuulize: "Nani amekaa naye usiku huu, na ana saa ya kuhesabia pumzi?"

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mgonjwa huhamishwa kutoka ICU? Taja mambo manne ambayo madaktari waliyaona katika mfano wetu.

2. Mgonjwa akianza kuona vitu visivyokuwapo, ndugu wafanye nini?

3. Wawili wawili, mmoja apumue kwa kutulia na mwenzake ahesabu pumzi zake kwa dakika moja. Umepata ngapi?

4. Kijijini kwenu, nani yuko tayari kumwandikia mgonjwa daftari?